Mwiteni Aliyeko Malishoni

Ndugu zangu wa Jinja na Mbale, mnaikumbuka habari ya Samweli alipofika Bethlehemu, nyumbani kwa mzee Yese. Alikuja kumtafuta mfalme. Yese akawapitisha wanawe mbele ya nabii, mmoja baada ya mwingine, akianza na mkubwa, vijana warefu wenye sura za kupendeza, hadi wakatimia 7. Nabii akawakataa wote. Akauliza kama hakuna mwingine. Yupo, akasema baba, yule mdogo wao, ila huyo yuko malishoni na kondoo. Samweli akaagiza aitwe, na akakataa kuketi mezani mpaka kijana huyo afike.

Na kijana huyo, Daudi, alikuwa mpiga kinubi.

Tusimame hapo kwenye kinubi. Baba aliishi nyumba moja na mtunzi ambaye nyimbo zake zingeimbwa na mataifa kwa maelfu ya miaka, asimhesabu kati ya wanawe wa kuonyeshwa mgeni. Hakumchukia wala hakumfukuza. Alimsahau tu, kwa kuwa alikwisha kujua moyoni ni nani anayefaa kuitwa. Nanyi Waislamu wa Mbale mnamjua Daudi huyu kuwa ndiye Nabii ambaye milima na ndege waliitikia sauti yake. Milima ilimsikia!

Leo redio zetu zinawapitisha wana 7 kila saa. Tunawajua kwa majina, kwa magari, kwa ugomvi wao. Wana mameneja, wana video za gharama, wana mtu wa kuongea na mtu wa redio. Sina neno baya juu yao. Wengine wanaimba vizuri sana. Lakini ninauliza alilouliza Samweli: ndio hawa tu?

Wiki hii, kama wiki zote, yuko kijana wa Walukuba au Masese, wa Namatala au Namakwekwe, anayeachia wimbo wake mmoja. Hana lebo wala meneja. Ameulipia mwenyewe: saa za studio, mkono wa prodyuza, picha ya jalada, ada ya kampuni inayofikisha nyimbo Spotify na Boomplay. Albamu nzima asingeiweza, kwa hiyo ametoa singo, na katika dakika hizo 3 au 4 amemimina kila alichonacho. Wimbo unatoka usiku. Asubuhi anatazama simu: wamesikiliza wachache, karibu wote ni jamaa zake. Mwezi unakwisha. Anaanza kuamini kwamba hana kipaji. Ni nani aliyemwambia? Ni sisi, kwa ukimya wetu. Na ukimya huo ndio niliosimama leo kuusema, mpaka utuume.

Tazameni jinsi wengine walivyotutangulia kufika katika malisho yetu wenyewe. Huku Busoga kuna kijiji kinachoitwa Nakibembe, na watu wake hupiga embaire, marimba makubwa ya mbao. Wanachimba shimo ardhini. Pembeni mwa shimo wanalaza vigogo vya migomba. Juu ya migomba wanapanga mbao nene za urefu mbalimbali, zikikingama juu ya shimo. Kisha wapigaji 6, au 7, au 8 wanaketi pande zote mbili za embaire hiyo moja, kila mmoja na vijiti vyake, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake. Shimo ndilo linalokuza mlio, hata ardhi yenyewe ikavuma chini ya miguu ya wasikilizaji. Hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga wimbo wote. Wimbo unatokea katikati yao. Ukikaa karibu huwezi kusema mkono wa huyu umeishia wapi na wa yule umeanzia wapi.

Mwaka 2023 lebo ya Nyege Nyege Tapes, iliyoanzishwa Kampala mwaka 2016, ilitoa albamu ya kikundi cha Nakibembe, pamoja na kazi walizofanya na wanamuziki wa Indonesia. Watu wa nchi za mbali wakaijua Nakibembe. Ninawauliza ninyi mnaofungua maduka Main Street ya Jinja kila asubuhi: wangapi kati yenu walikuwa wamewahi kuisikia? Mgeni alipanda ndege. Sisi tungepanda taksi ya asubuhi, tukasikiliza, tukarudi kabla jua halijazama.

Waanzilishi wa lebo hiyo ndio walioanzisha tamasha la Nyege Nyege hapa Jinja mwaka 2015. Wapo wanaolipenda na wapo wanaolilaani. Mwaka 2022 bungeni ilitoka amri ya kulizuia, kisha serikali ikaliruhusu kwa masharti, likafanyika kwenye maporomoko ya Itanda. Hukumu ya mambo yale yote si kazi yangu hapa. Nashika jambo moja: waliuliza kama hakuna mwingine, wakamfuata alipo. Mwaka 2017 walitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa muziki wa singeli kutoka studio moja ya Mburahati, Dar es Salaam, wakati ambapo wengi wetu wa Afrika Mashariki tuliiona singeli kuwa kelele za uswahilini. Ugenini wakaicheza, ndipo na sisi tukatega sikio. Mpaka lini, ndugu zangu? Mpaka lini mtoto wetu aende kwanza kusifiwa kwa watu ndipo tumfungulie mlango?

Sasa niwaonyeshe mwisho wa njia hii, kwa kuwa una ushahidi, na ushahidi uko Busoga.

Mwaka 2012 UNESCO iliiandika bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu, ndogo kwa kubwa, zilizopigwa wakati wa kutawazwa kwa mfalme na wakati wa mazishi yake, watu wakicheza kuzizunguka. Kila tarumbeta ina sauti yake moja tu. Ili wimbo uwepo, wapigaji lazima wapokezane, huyu akitoa yake yule anaingia na yake, bila kuchelewa. Falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, bigwala ikakosa mwenyeji. Hakuna aliyeipiga marufuku kijiji kwa kijiji. Watu waliacha kuialika, basi. Ilipoandikwa katika orodha ile walikuwa wamebaki wazee 4 wenye ujuzi wa kuitengeneza, kuipiga na kuicheza. Wanne, katika taifa la Wasoga lenye watu kwa mamilioni!

Mungu awabariki waliosimama wakati huo. James Isabirye, mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, na wenzake waliwakutanisha wazee na vijana ili ujuzi upate mikono mipya. Kazi yenyewe ilirudi hadi shambani: vibuyu vya kutengenezea tarumbeta ilibidi vilimwe kwanza. Fikirini! Kabla ya noti ya kwanza, jembe. Hiyo ndiyo gharama ya kufufua kilichoachwa kife, na wazee wale walikuwa bado hai kufundisha. Wimbo ambao haukusikilizwa na mtu hauachi hata mzee mmoja wa kuukumbuka. Bigwala ilichukua miaka 45 kufika ukingoni. Singo ya kijana wetu hufika huko kwa wiki chache, maana anayeitoa akikata tamaa hatoi ya pili, na ile ya pili ndiyo ingekuwa bora.

Sikilizeni na hesabu, kwa kuwa upendo wetu kwa wasanii mara nyingi unaishia mdomoni. Spotify iliingia Uganda Februari 2021. Huko wimbo hauhesabiwi kuwa umesikilizwa mpaka upite sekunde 30. Ukiufungua, ukasikia utangulizi, ukaruka, umemwacha mwenye wimbo mikono mitupu. Na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1000 ndani ya miezi 12 haumpatii mwenyewe hata senti. Elfu moja! Je, tunashindwa? Chukueni kwaya moja ya watu 40 pale Bugembe. Kila mwanakwaya akiusikiliza wimbo mmoja wa kijana wa mtaani kwao mara moja tu kila wiki mbili, mwaka ukiisha umefika 1040. Kwaya moja! Na Jinja ina kwaya ngapi? Mbale ina madrasa ngapi, timu za mpira ngapi, vikundi vya akiba vya akina mama vingapi?

Fedha zitakazopatikana hapo ni kidogo sana, siwadanganyi. Ndiyo maana nasema msiishie hapo. Simu iliyokuletea wimbo ndiyo hiyo yenye mobile money. Umeupenda wimbo? Mtumie mwenyewe shilingi 2000 za Uganda, na umwandikie neno moja la kumwambia umeupendea nini. Msanii asiye na lebo hulikumbuka neno hilo miaka na miaka.

Najua bando ni ghali. Serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii mwaka 2018, ikaiondoa mwaka 2021 na kuweka asilimia 12 juu ya data yenyewe, kwa hiyo kila tunachosikiliza mtandaoni tayari kimekatwa. Basi nendeni kwenye kibanda cha kujaza nyimbo, pale yule kijana mwenye kompyuta anapokujazia flashi au memori kadi kwa pesa ndogo. Lakini mkifika msiseme tu, nijazie zinazovuma. Semeni: nijazie za watu wa hapa, mpya, na uniandikie majina. Mkiuliza hivyo kumi, yule wa kibanda atazitafuta. Mkiuliza mia, wasanii wenyewe watamletea. Jina ni haki ya mwenye wimbo. Kwenye flashi zetu nyimbo zimejaa zenye majina ya namba, track 1, track 2, na nyuma ya kila namba kuna mtu aliyekesha.

Nije kwa jambo linaloniuma zaidi, nalo ni kuta. Mlokole hasikilizi ila injili. Kijana wa rap hasikilizi ila rap. Mzee anasikiliza Afrigo Band na kusema muziki uliishia hapo. Anayependa kasida haijui kadodi, na mpiga kadodi haijui kasida, na wote wanaishi mji mmoja chini ya mlima mmoja wa Wanale. Hivi kweli Mungu aliyetupa masikio mawili alikusudia tuyafungie chumba kimoja? Kadodi yenyewe haikukubali kufungiwa. Ngoma zile ni za imbalu, sherehe ya tohara, za mwaka unaogawanyika kwa mbili, za kuwatembeza vijana wa Bugisu barabarani kabla ya kukabili kisu, na Mutoto ndipo msimu unapofunguliwa. Leo mnazisikia harusini, kwenye mikutano ya siasa, kwenye mpira, na maprodyuza vijana wanayachukua mapigo yake na kuyaingiza katika nyimbo za dansi. Ngoma ya tohara imevuka kuta. Mbona sisi tunashindwa?

Pandeni Nabugoye, kilima kilicho jirani na mji wa Mbale. Hapo wanaishi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, jamii iliyoanzia kwa Semei Kakungulu mwaka 1919. Hao ndio waliochukua zaburi za Daudi yuleyule wa malishoni, wakaziimba kwa Kiganda kwa tuni zao wenyewe. Sahani yao iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003 iliteuliwa kuwania Grammy. Kati yao yuko J. J. Keki, mkulima wa kahawa na mtunzi wa nyimbo. Tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York, karibu kabisa na yale majengo mawili, na aliyaona yaliyotokea. Angeweza kurudi na hofu. Alirudi na wazo la kukusanya majirani. Mwaka 2004 yeye na wakulima Waislamu, Wakristo na Wayahudi wa vilima hivi wakaunda ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, na wakulima wakaanza kutunga nyimbo juu ya kahawa yao, bei ya haki, na kuishi kwa amani. Kwaya za akina mama, magitaa ya kijijini, watu waliotoka shambani na udongo bado miguuni. Mwaka 2013 Smithsonian Folkways ikazitoa nyimbo hizo duniani, na sahani ikabeba maneno ya kahawa, muziki na upatanifu wa dini katika jina lake.

Angalieni ilivyokuwa. Muislamu aliusikiliza wimbo wa Myahudi, Mkristo akauitikia, na hakuna aliyeiacha imani yake mlangoni. Waliuza kahawa pamoja kwa sababu waliweza kukaa chini na kusikilizana mpaka mwisho wa ubeti. Kila nikitafakari jambo hili nasisimka. Na ni hapa, si Marekani! Njia ya kupanda huko inaanzia mjini Mbale.

Nasikia mtu anasema: nyingi ya hizo singo mpya ni mbovu, sauti imepasuka, gitaa halijafungwa vizuri, mashairi ni yaleyale. Ndiyo, ziko za namna hiyo. Nazisikiliza na hizo. Lakini nani alijifunza kupika bila mlaji? Kijana akipata watu 20 wanaomwambia kwa upendo kwamba ubeti wa pili ni mrefu mno, wimbo wake ujao hautakuwa na kasoro hiyo. Akikosa hata mmoja, atairudia kasoro mpaka achoke. Mwambieni kweli, msimvunje. Na mkikutana na wimbo wa Kisoga au Kigisu msioelewa maneno yake, kaeni nao tu. Rachael Magoola, mwana wa Busoga, aliimba Obangaina kwa Kisoga, na Waganda, Wanyankole na Wakenya wakaupenda wimbo ule wasijue nusu ya maneno. Mwaka 2021 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bugweri, lakini ukilitaja jina lake watu wataanza na wimbo.

Basi nawaambia kila mtu kwa zamu yake.

Mtangazaji wa redio, wewe ambaye studio yako iko Jinja au Mbale: tenga wimbo mmoja kila saa kwa msanii wa mkoa huu asiye na lebo, usiku na mchana, bila kumwomba chochote. Wapo wanaoomba. Usiwe mmoja wao. Mkate wa mwenye njaa hauliwi na mgawaji. Wimbo ukiisha taja jina la mwimbaji, taja la aliyeutengeneza, taja walikotoka.

Mshereheshaji wa harusi: bwana harusi amekupa orodha ya nyimbo, iheshimu, lakini wakati wa chakula ni wako. Weka hapo kijana wa mtaani kwako.

Wachungaji na masheikh, mnajua vijana mlionao. Kijana wa kwaya akitoa wimbo wake wa kwanza mtangazeni mbele ya watu mnavyotangaza mchango wa ujenzi.

Dereva wa taksi wa njia ya Jinja kwenda Iganga, au wa Mbale kwenda Soroti: abiria wako 14 hawana pa kwenda mpaka wafike. Ni hadhira gani iliyo bora kuliko hiyo?

Nanyi wasanii, msikae malishoni mkisubiri nabii. Andikeni majina yenu kwa herufi zilezile kila mahali, ili anayewatafuta awapate. Jiandikisheni na chama cha haki za wasanii, UPRS, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 ipo, lakini haki isiyodaiwa hailipwi. Wasikilizeni wenzenu pia. Msanii anayeomba kusikilizwa naye hajasikiliza wimbo mpya wa jirani yake tangu mwaka uanze, huyo anaomba asichotoa.

Tangu Julai 2015 kampuni kubwa za muziki duniani zimekubaliana kuachia nyimbo mpya siku ya Ijumaa, na wengi wasio na lebo wanaifuata siku hiyo. Ijumaa, ndugu zangu! Siku ambayo Waislamu wa Mbale wanatoka swala ya Ijumaa mchana, na jua likizama Sabato inaingia Nabugoye. Kati ya swala na Sabato kuna saa kadhaa. Ijumaa hii, katika saa hizo, kila mmoja atafute wimbo mmoja wa mtu wa Jinja au Mbale ambao hajawahi kuusikia, wa aina asiyoizoea, ausikilize tangu mwanzo mpaka mwisho bila kushika kitu kingine. Kisha soma chini ya wimbo. Mara nyingi mwenyewe ameandika namba yake ya simu hapo, kwa ajili ya mtu wa kumwalika mahali. Ipige.